Shemeji Aliniuliza Maana ya Stimulus

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi, namenya chungwa, shemeji alipotoka ndani na kuniuliza stimulus ni nini. Hakuniuliza kwa kuwa mimi ni msomi. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita nikaenda kuswaga ng'ombe wa plau wa mjomba wangu, upande wa Kahama, na tangu hapo nimehamahama kiasi kwamba hata mama yangu aliacha kuuliza niko wapi, akawa anauliza tu kama nimekula. Aliniuliza kwa sababu kila mtu katika nyumba tuliyokaa pamoja, Doonside, Australia, alijua kwamba nina ugonjwa wa maneno. Nikikuta neno nisilolijua kwenye boksi la mzigo, kwenye chupa ya dawa, kwenye bango la stesheni, situlii mpaka nijue linasema nini na limetoka wapi.

"Wanasema hakuna stimulus anayoijibu," alisema. "Ila ya maumivu tu. Yule wa kwenye simu alisema kichocheo. Nikaitika ndiyo, ndiyo, lakini sikushika kitu. Ni nini hiyo?"

Yule wa kwenye simu alikuwa mkalimani wa hospitali, Mkenya kwa lafudhi yake, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumwona sura. Alitafsiri kila neno la daktari bila kuruka. Tatizo ni kwamba alikuwa simuni, na mgonjwa alikuwa kitandani, na shemeji alikuwa katikati.

Mgonjwa alikuwa mume wake, rafiki yangu, mtu aliyenipangisha chumba cha nyuma nilipofika Sydney na begi moja. Mkongo wa upande wa Fizi, aliyekaa miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku na mkewe na binti yao. Tulifanya kazi ghala moja, Smithfield, tukipakua makontena na kupanga mizigo kwenye paleti, na asubuhi tulikwenda kwa gari lake huku akinitania njia nzima.

"Weye Mtanzania unaongea kama redio," alikuwa akisema. "Mutu anakuuliza saa ngapi, unampa taarifa ya habari."

"Na nyie mmekikata Kiswahili mikono na miguu."

"Lakini kinatembea. Chako kimekaa kwenye kiti."

Siku ile damu ilipovuja kwenye ubongo wake alikuwa amesimama na kikombe cha chai, wakati wa mapumziko. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akaniangalia, akasema, "Ndugu," halafu macho yake yakaenda kwingine. Chai haikumwagika yote. Baada ya hapo hakusema neno tena. Alipasuliwa, akawekewa mashine ya kupumulia, na sasa ilikuwa imeingia wiki ya tatu na madaktari walikuwa wameitisha kikao cha familia siku ya Alhamisi. Kila mtu alijua kikao hicho ni cha nini. Kama hadi Alhamisi hangeonyesha dalili yoyote kwamba yumo, wangeshauri mashine iondolewe.

Kwa hiyo nilifuta mikono, nikamweleza shemeji kadiri nilivyoweza. Stimulus ni kitu chochote kinachokifikia kiumbe hai mpaka kiumbe kikajibu. Ukimwita mtu akageuka, kule kuita ni stimulus na kule kugeuka ni jibu. Ukimmulika taa akafumba macho, ile taa. Ukisikia harufu ya nyama choma ya jirani mate yakakujaa, ile harufu. Nikamwambia kwamba watu kutwa nzima wanafanyiana hivyo bila kujua.

"Basi wanamwita, haitiki," alisema.

"Ndiyo."

"Wanammulika, hafumbi."

"Ndiyo."

"Wanambinya kucha kwa kalamu. Nimeona. Nikafikiri nesi amekosea, nikataka kumshika mkono." Shemeji alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaosha na kuwalisha, na huko ukimminya mzee hata kwa bahati mbaya unaitwa ofisini. "Ile ya kucha ndiyo anayoijibu. Mkono unavutika kidogo. Dokta anasema hiyo si yeye, ni uti wa mgongo tu."

Aliporudi ndani nilitoa simu nikalitafuta neno lenyewe. Ni la Kilatini, na zamani zile lilikuwa jina la fimbo yenye ncha kali ya kumchomea ng'ombe ili atembee. Kwa Kiswahili fimbo hiyo ni mchokoo, neno ambalo wengi wetu tunalijua kwa kulisikia kanisani tu, lakini mimi nimeushika. Mjomba alikuwa na mmoja wenye msumari kwenye ncha. Tulikuwa na dume mzee aliyelima mashamba ya nusu kijiji, na mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, alilala katikati ya tuta asiinuke. Mjomba alimchoma. Ngozi ilitetemeka pale palipochomwa, kama inavyotetemeka kumfukuza nzi, lakini ng'ombe hakugeuza hata sikio. Akamchoma tena, ngozi ikatetemeka tena. Mwishowe mjomba aliufuta ule msumari kwenye kaptula yake akaniambia nimfungue nira. Nilisoma ule mstari wa Kilatini mara kadhaa, nikaizima simu. Hilo sikumwambia shemeji.

Alikuwepo dada mmoja mtaalamu wa matamshi, mdogo kwa umri, aliyekuja kila siku kumjaribu. Yeye ndiye aliyetufundisha kazi hiyo inavyofanywa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Televisheni izimwe, watu wanyamaze, mmoja amguse au amwite, halafu mngoje, mngoje kuliko mnavyodhani inafaa, kwa sababu ubongo ulioumia ukipata ujumbe unautafuna polepole. Msimwongezee kingine kabla hajamaliza cha kwanza.

Watu wetu hawakuweza. Jumapili baada ya ibada walikuja wote, waliotoka Ingleburn na waliotoka mitaa ya karibu, Wakongo, Warundi, Wakenya wawili manesi, wakajaa chumbani mpaka kwenye korido. Mmoja alimshika miguu, mwingine kichwa, wazee wakaomba kwa sauti, akina mama wakaanzisha wimbo, na kila aliyeingia alimwinamia na kumsalimia, "Papa, jambo sana," na mwenzake aliye pembeni akamjibia, "Jambo sana," ili salamu isianguke chini. Mapigo ya moyo kwenye mashine yakapanda. "Mnaona? Anasikia," mtu akasema, na wimbo ukapanda nao. Nesi mkuu akaja akawatoa wote, kwa heshima lakini wote.

Mzee wa kanisa alikasirika. Nilimfafanulia yale ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alinisikiliza akiwa amekunja koti mkononi.

"Kwetu," alisema, "mgonjwa akiona amebaki na mutu mmoja, ndiyo anajua amekufa."

Na hata ile wiki yenyewe tulipofuata utaratibu, mmoja mmoja, kimya, hakukuwa na mabadiliko. Binti yao, ambaye alikuwa chuo na aliyezoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza hata akiulizwa kama amekula, alimchezea babake rumba ya zamani kwenye simu, akaiweka karibu na sikio, akangoja. Kisha akaleta ndagala wakavu, dagaa wa kwao, kutoka duka la Mrundi, kwa kuwa mtaalamu alisema harufu hupita njia fupi. Akafungua mfuko chini ya pua ya babake. Wodi nzima ilinuka Ziwa Tanganyika. Nesi mmoja alichungulia mlangoni akauliza ni nini kilichokufa, na binti akacheka mpaka akalazimika kukaa chini, na kule kucheka kukageuka kilio. Babake alivuta pumzi na kuitoa, kama mashine ilivyompangia.

Jumanne mtaalamu aliuliza swali ambalo alisema alipaswa kuuliza mapema. Kwa wagonjwa wengi, alisema, kitu cha mwisho kupotea na cha kwanza kurudi ni mtu kuitwa jina lake. Sisi tunamwita nani?

Nilitafsiri. Na hapo nikagundua kwamba kwa siku zote hizo manesi walikuwa wakimwita kwa jina la kwenye kibandiko cha mkononi, ambalo ni jina la babu yake, lililoandikwa kambini na mtu aliyekuwa na haraka, na ambalo hakuna aliyewahi kumwita nalo. Mimi nilimwita Mzee. Binti alimwita Daddy. Kanisani alikuwa Papa, yaani baba. Mkewe naye alimwita Papa, na jina lake halisi hakuwahi kulitamka tangu walipooana, kwa sababu mke hatamki jina la mume wake. Kwa desturi anamwita baba wa mtoto wao wa kwanza.

Mtaalamu alifurahi. Akamwonyesha binti kwa mkono. Basi, alisema, Baba wa huyu?

Shemeji alilikunja taulo lililokuwa limeshakunjwa. Kisha akaniambia, "Njoo nje, shemeji."

Tulisimama karibu na mashine ya soda. Alizungumza akiitazama ile mashine.

"Huyu si wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mwanaume. Alizaliwa kambini, alikuwa ameanza kukimbia. Homa ilimchukua siku za mvua." Akalitaja jina, taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. Sitaliandika hapa. "Kambi nzima walikuwa wanamwita Papa wa huyo. Wakipita mbali wanaita, naye anaitika kutoka shambani, sauti inafika kabla yake. Tulipomaliza kuzika alipita nyumba kwa nyumba. Hakugomba na mutu. Aliwaomba tu, tafadhali, musiniite vile tena. Wakaacha. Na huyu binti alipozaliwa, watu walitaka kumwita kwa jina lake, akakataa. Alisema hiyo nafasi iko na mwenyewe."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani tuliliweka. Hakulisema, sikulisema. Binti hajui."

Watu walipita na maua na maputo. Aliendelea kutazama zile chupa.

"Ile jina angeiitikia," alisema. "Hata usingizini. Nilimwona mwaka ule tulipofika hapa, mama mmoja pale stesheni alimwita mtoto wake kwa jina kama lile, yeye akasimama hapohapo na mfuko wa mchele kichwani, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Lakini alinikataza. Nikimwita vile, mimi nitakuwa nimefanya kama wao na kalamu yao."

"Ndiyo."

"Na nisipomwita, Alhamisi watamzima, na mimi nitabaki najua kulikuwa na kitu sikufanya."

Hapo aligeuka akanitazama.

"Weye ungefanya nini?"

"Mimi sina mtoto, shemeji. Sijui."

"Unajua maneno yote, lakini hii hujui."

"Hii sijui."

Jumatano alasiri aliamua. Alikuja na kitenge alichokwenda nacho kanisani, akamwosha mume wake uso kwa kitambaa cha vuguvugu, akampaka mafuta midomoni, akamnyoosha kola ya lile vazi la hospitali ambalo halina kola ya kunyooshwa. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mtaalamu alisimama miguuni pa kitanda, mimi mlangoni, binti dirishani, nje ya kioo maegesho ya magari na jua kali. Shemeji aliinama mpaka mdomo ukafika sikioni, akaita, kwa sauti ya kawaida, Baba wa fulani.

Tukangoja. Kifua kilipanda, kikashuka. Hakuna aliyekohoa.

Akaita mara ya pili, sasa akiwa ameinua kichwa, kwa sauti ile inayotumika kumwita mtu aliye mbali kwamba chakula kimeiva. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Ilitoka sehemu nyingine ya maisha yake, yenye nafasi na uwanja. Nesi aliyekuwa akipita koridoni alisimama.

Tukangoja tena. Mimi nilikuwa nikiangalia nyusi, kwa sababu nyusi zake zilikuwa za mtu mcheshi, hazikuwahi kutulia. Zilikuwa zimetulia.

Mara ya tatu hakuita. Alimwambia. Alilisema jina la yule mtoto peke yake, bila baba, akiwa ameweka kiganja shavuni kwake, na akakaa hivyo, na sisi tukakaa hivyo, hadi ikaonekana wazi kwa kila aliyekuwamo kwamba hakukuwa na kitu kilichokuwa kinakuja.

"Mama," binti alisema kwa Kiswahili, akitafuta neno baada ya neno. "Huyo ni nani?"

"Kaka yako."

Binti alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kioo. Mama yake hakumfuata. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na mtaalamu, ambaye hakujua Kiswahili hata cha salamu, alikuwa ameweka kalamu chini. Aliniuliza kwa sauti ya chini neno lile lilikuwa nini. Nikamwambia ni jina la mtoto wao aliyekufa. Akatikisa kichwa polepole. Akasema hiyo ilikuwa stimulus nzuri. Alisema kwa huruma, na kwa kazi yake ilikuwa kweli. Lakini nilitoka nje nikaenda kusimama pale kwenye mashine ya soda, kwa sababu sikutaka aone nilivyomtazama.

Baadaye shemeji alinikuta pale. Macho yalikuwa makavu.

"Hayumo," alisema. "Kama angekuwemo angeitika. Au angenikasirikia. Hata kunikasirikia."

Ningeweza kumwambia yale niliyosoma, kwamba wengine wanasikia na hawawezi kuonyesha, kwamba kutojibu si lazima kuwe kutosikia. Nilikuwa nayo yote kichwani, nimeyasoma kwenye treni. Nilimtazama nikaona kwamba ameshalibeba jibu hilo na amepata namna ya kulishika. Nikatia sarafu kwenye ile mashine nikampa maji.

Alhamisi nilikaa naye kikaoni. Simu ya mkalimani iliwekwa katikati ya meza, na yule Mkenya akatusalimia kwa adabu na kutupa pole. Daktari alianza mbali, na picha za ubongo, na rangi. Shemeji alimwacha amalize sentensi moja, kisha akasema, kwa Kiswahili, akielekea kwenye simu, "Mwambie wasimbinye tena."

Mkalimani alitafsiri. Daktari alisema ndiyo, hawatambinya tena, na akauliza kama kuna kitu kingine ambacho familia ingependa.

"Hakuna. Wamwache apumzike. Mimi nimemwita mwenyewe."

Waliiondoa mashine siku iliyofuata, watu wa kanisa wakiwa wamejaa korido nzima na safari hii hakuna nesi aliyewazuia. Alipumua mwenyewe hadi Jumamosi mchana. Binti alikuwa amemshika mguu. Kwa muda wote huo alikuwa akimuuliza mama yake, kwa Kiingereza na Kiswahili kilichovunjikavunjika, habari za yule mtoto: alifanana na nani, alikuwa anapenda nini. Mama yake alijibu moja moja. Alikuwa anakula mkaa. Ukimnyang'anya anacheka, meno meusi. Aliogopa kuku. Nilidhani baba yake angefukuza maneno yale kama angekuwa na nguvu, halafu nikaona sina haki ya kudhani chochote.

Msiba uliwekwa Doonside. Akina mama walipika garajini, kwenye jiko kubwa la gesi, magari ya wageni yakijaa hadi kona ya mtaa, na jirani Mzungu akaleta viti vyake bila kuombwa. Siku ya pili shemeji aliwaita akina mama wa kanisa pembeni, akawaambia kitu ambacho sikukisikia. Niliona tu wakimsikiliza, na mmoja akimshika mkono kwa muda mrefu.

Mchana, nikiwa nabeba maji, mama mmoja wa Ingleburn aliyekuwa akisonga bugali aligeuka kutoka kwenye sufuria na kuita. Alimwita Mama wa yule mtoto wa kambini, kwa jina lake kamili, mbele ya watu wote. "Mwiko mkubwa uko wapi?"

Shemeji alikuwa akipangusa sahani, mgongo kwetu. Aliendelea kupangusa. Yule mama akaita tena, si kwa sauti kubwa zaidi, vilevile tu.

Kitambaa kilisimama juu ya sahani.

"Abee," shemeji alisema.

"Mwiko."

"Angalia kwenye ndoo. Chini ya vitunguu."